Gari Moshi la Zamani Juu ya Meza: Yaliyomo Katika Makumbusho ya Reli, Nairobi

Msafiri anayefika Nairobi kutoka Kampala, Tororo au Kigali aghalabu huwa na shughuli zake: biashara, matibabu, ama jamaa wa kutembelea. Akimaliza shughuli hizo na kubakiwa na saa mbili tatu mkononi, karibu na stesheni kuu ya zamani ya reli pana mahali panapostahili kutazamwa. Hapo ndipo lilipo Makumbusho ya Reli, lililofunguliwa mwaka 1971 na Shirika la Reli la Afrika Mashariki, wakati ambapo Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa bado zinamiliki shirika hilo kwa pamoja. Shirika lenyewe lilivunjika mwaka 1977, na kila nchi ikachukua fungu lake. Makumbusho yakabaki, na injini za mvuke zikabaki zimesimama juu ya reli zake nje ya jengo, kila moja na namba yake.

Wapo wageni wanaofika hapo kupiga picha na kuondoka. Lakini wapo pia wachache wanaokuja na utepe wa kupimia, daftari na penseli. Hao hupiga magoti kando ya magurudumu, huhesabu ribiti zilizopigwa kwenye mabati, na huandika upana wa madirisha ya mabehewa. Kazi yao ni kujenga treni ya abiria ya zamani kwa umbo dogo, juu ya meza, ikiwa sawasawa na ile ya kweli katika kila kiungo. Kazi hiyo hufanywa sana Ulaya, Marekani na Japani, na ina elimu yake. Makala haya yanaeleza namna ifanywavyo, na kwa nini inafaa kwa watu wa nchi hizi ambao baba na babu zao walisafiri, walifanya kazi, na wengine walikufa, katika reli hii.

MFANO NA MCHEZO

Kuna tofauti kubwa kati ya mfano na mchezo. Mtoto akichukua kopo la samaki, vizibo vinne na kipande cha waya, akalivuta uani huku akipiga mluzi, amepata gari moshi la kumtosha. Hakuna haja ya kumwuliza ni injini ya mwaka gani. Mfano, kwa upande wake, ni ushahidi. Mtu asiyewahi kuiona treni ile ya kweli, akiutazama mfano, aweze kuamini kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ukipunguza gurudumu moja, ukapaka rangi kwa kubahatisha, au ukaiweka injini ya njia moja katika njia nyingine, umetoa ushahidi wa uongo, hata kama kazi ya mikono ni nzuri.

Kwa sababu hiyo mjenzi hodari haanzi na msumeno. Huanza na maswali matatu: treni ipi, njia ipi, na mwaka upi? Bila majibu ya maswali hayo hawezi kupima lolote.

INJINI YENYE JINA LA MLIMA

Tuchukue injini mashuhuri kuliko zote zilizomo katika makumbusho hayo, nazo ni zile za aina ya 59. Zilijengwa 34, katika miaka ya 1955 na 1956, na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 za Kiingereza, na hapakuwa na injini ya mvuke ya reli ya upana wa mita moja iliyozishinda kwa ukubwa na nguvu duniani kote. Ziliundwa ziweze kuvuta tani 1,200 katika mwinuko wa mita moja na nusu kwa kila mita 100, kwani njia ya kutoka Mombasa hadi Nairobi hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600.

Kila injini ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Palikuwa na Kenya, Kilimanjaro, Elgon na Ruwenzori. Mbili zilizohifadhiwa Nairobi ni namba 5918, iitwayo Mount Gelai, na namba 5930, iitwayo Mount Shengena. Milima yote miwili hiyo imo Tanzania: Gelai uko karibu na Ziwa Natron, na Shengena uko katika safu ya Upare. Hivyo dereva wa Mkenya aliweza kushusha treni hadi Mombasa akiwa ndani ya mlima wa Uganda, na kurudi Nairobi akiwa ndani ya mlima wa Tanganyika.

Umbo la injini hizi huwachanganya wengi. Ni injini za mtindo wa Garratt, uliobuniwa na Mwingereza Herbert Garratt na kupewa hataza mwaka 1907. Boila hukaa katikati, juu ya fremu yake, wala haina magurudumu chini yake. Mbele yake pana seti moja ya magurudumu na silinda, ikibeba tangi la maji. Nyuma pana seti nyingine, ikibeba mafuta na maji. Seti hizo mbili hugeuka kila moja kwa nafasi yake, kama miguu ya mbele na ya nyuma ya mnyama, na ndiyo maana injini ndefu hivyo iliweza kupita katika kona kali. Mjenzi wa mfano naye hufaidi hekima hiyo hiyo: injini yake ndogo, ikijengwa kwa vipande vitatu vilivyoungwa ipasavyo, itapinda juu ya meza bila kuruka reli.

Hapa ndipo makosa ya kawaida huanza. Kosa la kwanza ni makaa. Mjenzi aliyezoea picha za treni za Ulaya huweka rundo la makaa ya mawe nyuma ya chumba cha dereva, ilhali injini za aina ya 59 zilichoma mafuta mazito. Fayamani wake hakushika sepetu, alishika vali.

Kosa la pili ni dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Injini hizi zilipotoka kiwandani zilikuwa na dohani ya mviringo. Baadaye zilitiwa dohani ya mtindo wa Giesl, iliyo nyembamba na ndefu kama mkate uliobanwa pande mbili, ili moshi utoke kwa urahisi na mafuta yapungue. Kwa hiyo mtu akiweka dohani nyembamba juu ya treni aliyoiandikia mwaka 1956, amechanganya miaka. Dohani peke yake yaweza kutaja umri wa treni nzima.

Kosa la tatu linawahusu zaidi wasomaji wa Uganda. Mtu wa Jinja au Kampala anayetaka kuijenga treni aliyoipanda baba yake asichukue injini ya aina ya 59 kwa sababu tu ni kubwa na inapendeza. Kila mhimili wake uliikandamiza reli kwa uzito wa tani 21, na kazi yake kubwa ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi, ambako reli nzito zilikuwa zimetandikwa. Kwenye reli nyepesi za bara zilitumika injini nyingine, kama zile za aina ya 60, ambazo ni Garratt vilevile lakini ni nyepesi zaidi. Mojawapo, namba 6006, imo katika makumbusho. Baadhi ya injini hizo za aina ya 60 zilipewa majina ya magavana wa kikoloni, na majina hayo yaliondolewa baada ya uhuru. Kibao cha jina, basi, nacho ni tarehe. Asiyetaka Garratt aitazame namba 3123, iitwayo Bavuma, kwa jina la watu wa visiwa vya Buvuma katika Ziwa Viktoria.

HESABU YA KUPUNGUZA

Akishajua treni yake, mjenzi huchagua kipimo. Kipimo ni ahadi kwamba kila kitu, kikubwa na kidogo, kitagawanywa kwa namba moja. Namba zinazotumiwa sana ni 87, 45 na 22 na nusu.

Injini ya aina ya 59 ina urefu wa karibu mita 31 na sentimita 70. Ukigawanya kwa 87, unapata sentimita 36 na kidogo. Hiyo yakaa juu ya rafu ya vitabu. Ukigawanya kwa 45, unapata sentimita 70. Ukigawanya kwa 22 na nusu, unapata mita moja na sentimita 41, na hapo meza ya kulia chakula haitoshi. Gurudumu kubwa la injini hiyo lina kipenyo cha milimita 1,372. Kwa kipimo cha 45 huwa milimita 30 na nusu. Nafasi kati ya reli na reli, ambayo kwa kweli ni mita moja, huwa milimita 22 na kidogo. Mtu wa kimo cha sentimita 170 huwa sentimita 3 na milimita 8.

Uzito, hata hivyo, haufuati njia hiyo, na jambo hili huwashangaza wanafunzi wa hesabu. Kitu kikipunguzwa mara 45 kwa urefu, hupunguzwa mara 45 kwa upana na mara 45 kwa kimo pia. Kwa hiyo uzito hugawanywa kwa 45 mara tatu, yaani kwa 91,125. Injini ya tani 252 za Kiingereza, ambazo ni kiasi cha kilo 256,000, ingekuwa na uzito wa kilo mbili na gramu 800 tu. Mwalimu anayetafuta namna ya kufundisha eneo na ujazo bila kuwachosha wanafunzi hatapata mfano bora kuliko huu.

Vifaa si vya kuogopwa. Wenye uwezo hutumia mabati membamba ya shaba njano na kuyaunga kwa kulehemu. Asiye na uwezo aanze na kadibodi ngumu ya maboksi, plaiwudi nyembamba, waya, gundi ya mbao, msasa na wembe mkali. Boila huweza kutengenezwa kwa bomba la plastiki la maji lenye kipenyo kinachokubaliana na hesabu. Ribiti hutokezwa kwa kubonyeza ncha ya kalamu iliyokwisha wino nyuma ya karatasi ngumu, moja baada ya moja, kwa kufuata rula. Vijana waliokua wakijenga magari ya waya wana mikono tayari. Kinachohitajika kuongezwa ni kipimo na subira.

NDANI YA MABEHEWA

Wajenzi wengi hutumia miezi mingi kwa injini, kisha hufunga nyuma yake mabehewa yaliyotengenezwa kwa siku mbili. Hilo ni kama mwenyeji anayepamba mlango na kuacha nyumba bila kuta. Treni ya abiria ni abiria.

Katika makumbusho ya Nairobi kuna behewa moja la zamani linalovuta watu wengi. Ndani yake, mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, ofisa wa polisi Charles Ryall alikuwa akimvizia simba aliyekuwa akiwasumbua watu wa reli. Usingizi ukamchukua, simba akaingia, akamuua na kumtoa nje kupitia dirishani. Wageni husimama mbele ya dirisha hilo na kusisimkwa. Mjenzi wa mfano naye husimama hapo, lakini hulipima. Kwa kufanya hivyo hutambua jambo ambalo hadithi peke yake haimwonyeshi: jinsi behewa lilivyokuwa jembamba, na jinsi mtu aliyelala ndani alivyokuwa karibu na giza la nje.

Katika enzi ya ukoloni treni ya abiria ilikuwa na madaraja matatu, nayo kwa desturi yalifuata rangi za watu: la kwanza likikaliwa na Wazungu, la pili na Wahindi, na la tatu na Waafrika. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya kulala na huduma ya behewa la chakula, lenye meza zilizotandikwa vitambaa. Daraja la tatu lilikuwa na mabenchi ya mbao, watu wengi, kuku, vikapu na mikungu ya ndizi. Picha nyingi zilizochapishwa vitabuni zinaonyesha vitambaa vya meza. Mjenzi anayezifuata picha hizo peke yake atajenga treni safi, yenye vyumba vya kupendeza, na kwa ufundi wake wote atakuwa amewaacha stesheni walio wengi.

Kwa hiyo behewa la daraja la tatu lastahili kupimwa kwa uangalifu uleule wa boila: unene wa benchi, nafasi ya magoti kati ya benchi na benchi, kimo cha dirisha kutoka sakafuni, na mahali palipowekwa mizigo. Kisha watu watengenezwe. Watu wa sentimita 3 na milimita 8 hufinyangwa kwa udongo laini juu ya waya: mama aliyempakata mtoto, askari anayekwenda likizo, mwanafunzi aliyekalia sanduku la bati, gadi mwenye bendera. Mfano usio na watu hawa una magurudumu sahihi na historia ya kombo.

RELI NA NCHI

Kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa njia ile ya zamani ni kiasi cha kilomita 530. Hata kwa kipimo cha 87 zingebaki kilomita sita, wala hakuna chumba cha namna hiyo. Lazima mjenzi achague kituo kimoja na kukitendea haki. Aweza kuchagua Voi, ambako njia ya kwenda Taveta na Moshi huchepuka. Aweza kuchagua Makindu, penye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Aweza kuchagua Tsavo, pamoja na daraja lake na sifa ya simba wa mwaka 1898. Mpenzi wa milima ataipanda njia ya Uganda hadi Timboroa, ambako reli hupita kimo cha zaidi ya mita 2,700 na asubuhi huwa na baridi ya kuuma vidole.

Popote atakapochagua, ardhi ina masharti yake. Mataruma, yaani vile vipande vilivyolazwa chini ya reli, yasipakwe rangi ya mbao pasipo uchunguzi, kwa maana katika njia hii yalitumika sana mataruma ya chuma, ambayo mchwa hawayali. Mabehewa yameungwa kwa kiungo kimoja cha katikati. Hayana zile bafa mbili za pembeni zionekanazo katika treni za Uingereza. Udongo wa Voi ni mwekundu, na wekundu huo hupanda juu ya magurudumu na kingo za mabehewa. Mjenzi mwangalifu huchota udongo wenyewe, huukausha, huuchekecha kwa kitambaa chembamba, na kuunyunyiza juu ya gundi.

Chini ya ardhi hiyo mna jambo jingine ambalo rangi haiwezi kulionyesha. Reli ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Vibarua 31,983 waliletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi, na 2,493 kati yao walikufa. Ni zaidi ya watu wanne kwa kila maili moja ya njia. Waafrika waliobeba mizigo, waliofyeka misitu na waliopoteza mashamba hawakuandikiwa hesabu ya makini namna hiyo. Mjenzi akiweka kando ya njia yake kambi ndogo ya vibarua wanaoshindilia mawe, hakuongeza pambo. Ametimiza kipimo.

KUULIZA WALIO HAI

Chuma hudumu, ingawa nacho huliwa na kutu. Injini nyingi za mvuke za Afrika Mashariki zilikatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu baada ya injini za dizeli kuchukua nafasi yake. Zile za aina ya 59 ziliondolewa kazini kati ya mwaka 1973 na 1980. Namba 5918 ilifufuliwa na kutembea tena mwaka 2001. Tangu mwaka 2017 treni mpya ya abiria, kwa reli pana na stesheni nyingine, hukimbia kati ya Nairobi na Mombasa, na vijana wanaoipanda hawajui mluzi wa Garratt.

Lakini kuna mambo ambayo hata chuma kilichohifadhiwa hakiyasemi. Rangi iliyomo leo juu ya injini ya makumbusho yaweza kuwa imepakwa juzi. Nani ajuaye rangi iliyokuwa chini yake? Ni mpaka rangi mzee wa karakana. Nani ajuaye taa ipi iliwashwa nyuma ya behewa la mwisho usiku, au abiria wa daraja la tatu walinunua nini dirishani katika kila stesheni? Ni gadi, ni fayamani, ni mama aliyeuza mayai ya kuchemsha kando ya njia. Watu hao wapo Nakuru, Kisumu, Tororo, Jinja na Tabora, na wengi wao wamepita miaka 70. Asiyeuliza hupotea njia. Na katika jambo hili, anayechelewa kuuliza hukuta wa kumwuliza ameshaondoka.

Shule yenye karakana, au kikundi cha vijana wa mtaa, chaweza kuanza kwa behewa moja tu la daraja la tatu, kwa kipimo cha 45, kwa kadibodi na gundi. Wapelekwe kwanza kwa mzee mmoja wa reli wakiwa na daftari. Wakimaliza behewa, wamrudishie alitazame kabla ya kulipaka rangi. Akisema kwamba benchi lilikuwa fupi kidogo kuliko hivyo, kwa kuwa goti lake yeye lilikuwa likigusa la mwenzake kutoka Kampala hadi Nairobi, walivunje na kulijenga upya.